Muhula Uliohamia Kwenye Simu

Tarehe 15 Machi 2020, siku mbili baada ya kisa cha kwanza cha korona kutangazwa nchini Kenya, Rais Uhuru Kenyatta aliagiza shule zote zifungwe, na vyuo vikuu vikapewa hadi Ijumaa ya wiki hiyo viwe vimewaruhusu wanafunzi kwenda nyumbani. Wengi wetu tuliacha magodoro na vitabu hosteli tukidhani tungerudi baada ya majuma machache.

Kwa maoni yangu, hasara kubwa haikuwa kusimama kwa masomo, bali kuvunjika kwa usawa ambao hosteli na maktaba zilikuwa zimetupatia pasipo sisi kuutambua. Chuoni, mtoto wa Karen, mtaa wa matajiri Nairobi, na mtoto wa Lodwar, mji wa mbali kaskazini, walisoma chini ya taa zilezile na kutumia intaneti ileile ya bure. Mihadhara ilipohamia mtandaoni, kila mmoja alisoma kwa uwezo wa kwao. Mwenzangu aliyerudi Kitui alilazimika kupanda kilima ili apate mtandao, ilhali mimi, katika nyumba yetu ya chumba kimoja Kayole, niliegemeza simu kwenye nondo za dirisha, sauti ya mhadhiri ikikatika palepale alipofika kwenye hesabu yenyewe, nao wadogo zangu, ambao pia shule zao zilikuwa zimefungwa, wakigombania rimoti nyuma yangu. Bando likiisha kabla ya kipindi, ulisubiri wenzako wakutumie picha za madaftari yao kwenye WhatsApp. Kwenda saiba (duka la kulipia intaneti) jioni hakukuwezekana, kwa kuwa kafyu ilianza saa moja. (Bando lenyewe, tuseme ukweli, lilitoka kwenye pesa za unga.)

Waliosomea sheria au fasihi angalau walikuwa na vitabu vya kusoma. Sisi wa uhandisi tulitazama video za majaribio tuliyopaswa kuyafanya kwa mikono yetu, na hata baada ya milango kufunguliwa, Machi 2021 Nairobi ilifungwa tena pamoja na Kajiado, Machakos, Kiambu na Nakuru, masomo ya ana kwa ana yakasitishwa, na zamu yetu ya maabara ikapotelea humo. Nilikuja kushika oskiloskopu, kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme, kwa mara ya kwanza nikiwa kwenye mafunzo ya nyanjani, na aliyenionyesha waya upi unachomekwa wapi ni fundi ambaye hakuwahi kusoma chuo kikuu.