Kupumua Nako Kunakula

Mtu akiambiwa ana ugonjwa wa mapafu, maswali ya kwanza huwa juu ya dawa na sigara. Ni sawa kabisa, kwa sababu hakuna chakula kinachofidia moshi. Ila sahani yake haiulizwi na mtu, na mara nyingi huko ndiko nguvu zake zinakovujia.

Kupumua ni kazi ya misuli. Kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, hufanya kazi usiku na mchana, kikisaidiwa na misuli iliyo kati ya mbavu. Kwa mtu mwenye afya kazi hiyo ni nyepesi, hata haisikiki. Kwa mwenye ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, ule unaoitwa COPD, hewa hunasa ndani, kifua hubaki kimejaa, kiwambo husukumwa chini na kuwa bapa, na kila pumzi hudai nguvu zaidi. Anatumia chakula kingi akiwa amekaa tu. Papo hapo hamu ya kula inapungua, maana kutafuna na kumeza kunamkata pumzi. Mwili ukikosa, unaanza kula misuli yake wenyewe, na kiwambo nacho hakisalimiki.

Kwa hiyo kifaa cha kwanza ni mizani. Pima mara moja kwa wiki, asubuhi, baada ya kwenda haja na kabla ya kula, ukiwa na nguo za uzito uleule. Aliyekuwa na kilo 60 akipoteza kilo 3 ndani ya miezi 6 bila kukusudia, amepoteza asilimia 5, na hiyo ni sababu ya kurudi kliniki. Kisha gawanya kilo zako kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe: kilo 50 na mita 1.6 zinaleta 19.5, namba inayoitwa BMI. Majedwali ya kawaida yataita hiyo hali nzuri, kwa sababu yanaanzia 18.5. Lakini kipimo cha BODE, kilichochapishwa mwaka 2004 kwa ajili ya wagonjwa wa COPD, kinahesabu 21 kushuka chini kuwa dalili mbaya. Tahadhari moja: kilo 2 zikiongezeka ndani ya siku chache huku miguu ikivimba, hayo ni maji, na yanaweza kuficha misuli inayokwisha.

Protini ndiyo ya kuhesabiwa. Kwa mgonjwa wa COPD anayekonda, lengo linalotumika sana ni gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya mwili kwa siku; kwa kilo 60 ni gramu 72 hadi 90. Yai moja lina takriban gramu 6, glasi ya maziwa ya mililita 250 gramu 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama gramu 15, gramu 100 za samaki au kuku aliyepikwa karibu 25. Zigawe asubuhi, mchana na jioni. Kurundika zote kwenye mlo wa usiku hakujengi misuli vizuri. Mwenye ugonjwa wa figo asipandishe kiwango hiki bila kuongea na daktari wake.

Jinsi ya kula ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Tumbo lililojaa linasukuma kiwambo juu, kwa hiyo milo midogo 5 au 6 inashinda miwili mikubwa. Pumzika kama nusu saa kabla ya kula, toa makohozi, na kama umeandikiwa dawa ya kuvuta ya kufungua njia za hewa, muulize daktari kama unaweza kuitumia kabla ya mlo. Kaa wima, viwiko mezani. Anza na chenye protini. Supu nyepesi na maji vije mwishoni, la sivyo vitajaza tumbo bila kulisha. Anayetumia oksijeni kwa mpira wa puani asiuvue wakati wa kula, kwani ndipo anapouhitaji zaidi. Kijiko kikubwa cha mafuta kikichanganywa kwenye chakula kinaongeza kama kilokalori 120 bila kuongeza ujazo. Na anayevuta dawa ya steroidi, ile ya kutuliza uvimbe wa njia za hewa, asukutue mdomo kila baada ya kuivuta, ateme. Utando mweupe wa fangasi ukiota kinywani, chakula chote kinapoteza ladha.

Kuna ushauri wa zamani wa kukwepa wanga. Una msingi: wanga ukichomwa mwilini unatoa kaboni dioksidi nyingi sawa na oksijeni iliyotumika, ilhali mafuta hutoa kama asilimia 70 tu. Lakini kinachomlemea mgonjwa hasa ni kula kupita mahitaji yake, na wengi wao wana shida iliyo kinyume cha hiyo. Punguza vinywaji vyenye sukari, ongeza mafuta ya mimea, na usimnyime mtu anayekonda chakula anachokipenda.

Uzito mkubwa nao unaumiza, kwa njia nyingine. Mafuta ya tumboni yanabana nafasi ya mapafu kupanuka, na mafuta hayo yanamwaga kemikali zinazochochea uvimbe mwilini. Mwenye pumu na unene akipunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito wake, mara nyingi pumu hutulia. Kiungulia kinachopandisha asidi usiku kinaweza kuamsha kikohozi: maliza kula muda wa saa 3 kabla ya kulala, na inua kichwa cha kitanda sentimita 15 hadi 20.

Sasa vidonge, na hapa naomba usikilize kwa makini. Matunda na mboga, angalau gramu 400 kwa siku kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri, vinahusishwa na mapafu yenye afya. Watafiti wakadhani siri ni beta-karotini, kiini kinachoipa karoti rangi yake, wakaijaribu peke yake. Nchini Finland wavutaji sigara wanaume 29,133 waligawanywa, baadhi wakapewa miligramu 20 kwa siku. Matokeo yalipotoka mwaka 1994, saratani ya mapafu ilikuwa imeongezeka kwa asilimia 18 miongoni mwa waliomeza. Jaribio la Marekani, lililochanganya miligramu 30 na vitamini A, lilisimamishwa Januari 1996, miezi 21 kabla ya wakati, saratani hiyo ikiwa imepanda kwa asilimia 28. Karoti haina hatia. Anayevuta sigara, au aliyewahi kuvuta, asinunue kidonge hicho.

Chumvi isifike gramu 5 kwa siku, maana moyo unaosukuma damu kwenye mapafu magonjwa huelemewa haraka na maji. Soseji na nyama nyingine za kusindikwa zenye nitriti, chumvi ya kuhifadhia nyama, zimehusishwa na COPD, na tangu mwaka 2015 zimewekwa rasmi kwenye kundi la visababishi vya saratani. Anayetumia prednisolone, steroidi ya vidonge, kwa muda mrefu afuatilie sukari ya damu na kalsiamu. Anayetumia theophylline, dawa ya kufungua njia za hewa, apunguze kahawa, kwa kuwa vyote viwili huharakisha mapigo ya moyo.

Kwenye kifua kikuu, chakula kimethibitishwa kwa jaribio la kweli. Huko Jharkhand, India, familia za wagonjwa zilipewa vikapu vya chakula, na matokeo ya mwaka 2023 yalionyesha kwamba maambukizi yaliyogeuka kuwa ugonjwa ndani ya kaya yalipungua kwa asilimia 39. Miongoni mwa wagonjwa wenyewe, walioongeza asilimia 5 ya uzito katika miezi 2 ya mwanzo walikuwa na hatari ya kufa iliyo chini kwa asilimia 61. Mgonjwa wa kilo 42 anahitaji kuongeza kilo 2.1 tu kufika hapo. Mwandikie uzito wake siku anayoanza dawa, umpime tena kila wiki 2, na kama mizani haijasogea mwishoni mwa mwezi wa kwanza, mpeleke kliniki na hizo namba.