Zoezi la dharura shuleni kwetu

Tangu wanafunzi 14 wa Shule ya Msingi ya Kakamega walipopoteza maisha kufuatia mkanyagano wa ngazini mnamo Februari 2020, kengele ya kwenda nyumbani hunifanya niitazame ngazi yetu kwanza. Leo tumefanya zoezi la dharura: watoto wa ghorofani walishuka darasa moja baada ya jingine, huku kila mwalimu akibeba rejista ili aite majina uwanjani. Mtoto mmoja wa darasa la pili aligeuka kuokota kiatu, na foleni nzima ikakwama. Lakini kilichoniudhi zaidi ni mlango wa nyuma, ambao hufungwa kwa kufuli kwa kuhofia wezi, na ufunguo wake ulitafutwa hadi zoezi likaisha. Nimependekeza mlango huo usifungwe tena wakati wa masomo, na mwalimu mkuu amekubali.