Siku kitindamimba alipokanyaga ukoka

Kitindamimba wangu ana miaka minne, na hadi Jumapili iliyopita alikuwa hajawahi kukanyaga majani akiwa peku. Nilikuja kulijua hilo palepale, ndani ya Bustani ya Mimea kule mjini Dar es Salaam, nilipomvua kandambili nikamweka chini. Alikunja vidole vya miguu. Akainua mguu mmoja, akaushusha, akainua wa pili, kama kuku aliyefungwa kamba. Kisha akaning'ang'ania gauni, akaanza kulia.

"Mama, yananichoma!"

Hakuna kilichomchoma. Ni ukoka tu, laini, umekatwa siku chache nyuma. Nilichutama pale pembeni yake nikaanza kuhesabu. Nyumba tunayopanga Kimara, uani ni saruji. Shule yake ya awali, uwanja umetandazwa matofali. Njia ya dukani ni vumbi na kokoto, hapo hata mimi siwezi kumvua viatu. Ukoka angeujulia wapi? Tulipohamia kulikuwa na kiwanja cha wazi mtaani, na kaka yake ndiko alikojifunzia baiskeli. Sasa zimesimama fremu nane za maduka: dawa, vifaa vya ujenzi, wakala wa pesa, saluni mbili. Watoto wa mtaa wamehamia barabarani, na kila bodaboda ikipita moyo wangu unaruka.

Wazo la kwenda bustanini si langu. Ni la mama yangu, aliyekuja kutoka Muheza, mkoani Tanga, kutibiwa macho. Alikaa na sisi wiki mbili, akawatazama wajukuu wakitoka chumbani kwenda sebuleni, sebuleni kwenda chumbani, na katuni juu. Ijumaa usiku akaniambia, "Mwanangu, hawa watoto umewafuga. Tena kuku wangu wana nafasi kuliko wao." Alisema kwa upole kabisa, huku anamenya chungwa. Sikulala vizuri.

Basi Jumapili tukapanda basi la mwendokasi Kimara mapema, mkeka begani, chapati kwenye hotipoti, chai kwenye chupa. Tulishuka Posta ya Zamani, tukapandisha hadi Sanamu ya Askari, tukakata kulia tukaifuata barabara ya Samora. Kama una watoto, nenda siku kama hiyo. Samora ya Jumatatu ni honi na wamachinga na watu wanaokimbilia ofisini. Ya Jumapili asubuhi unasikia viatu vyako mwenyewe. Mwanangu mkubwa, ana tisa, alikimbia mbele bila mimi kumwita hata mara moja. Hilo peke yake lilikuwa mapumziko.

Bustani yenyewe si kubwa. Iko hapohapo Samora, jirani na Makumbusho ya Taifa. Wajerumani waliianzisha mwaka 1893, na hawakuipanda ili watoto wacheze: ilikuwa ya kujaribia mimea ya biashara, waone kipi kitakubali udongo na joto letu. Aliyeisimamia kazi hiyo alikuwa Franz Stuhlmann, mkuu wa kilimo wa koloni. Nilipomsimulia mama, alisimama. Stuhlmann huyohuyo ndiye aliyekwenda kuongoza kituo cha utafiti cha Amani kilipoanzishwa mwaka 1902, na Amani ni huko juu milimani kwetu Muheza. Mama alikwenda akiwa msichana kuuza ndizi.

Nikamwongezea la mkonge. Mwaka huohuo wa 1893, Mjerumani mwingine, Richard Hindorf, aliagiza miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62. Kutokana na hiyo 62 yakaja mashamba yale yote, na marehemu baba yangu aliyakata majani yake mpaka mikono ikawa haifungi vizuri. Mama aliinamisha kichwa kidogo. "Sitini na mbili," akarudia. Halafu akaniuliza kama chai ni ya tangawizi.

Kuna mzee anayetunza mle ndani. Watoto walimwamkia, akaitika marahaba, akajitolea kututembeza. Akatuonyesha mnazi wa Shelisheli. Mama alipinga hapohapo: kwake mshelisheli ni mti wa mashelisheli, yale unayochemsha au kukaanga ukayala na chai, na huu hauna hata jani linalofanana. Wakabishana kwa heshima, "hapana kaka", "sikiliza dada", mpaka yule mzee akaeleza kwamba huu ni mnazi uliotoka visiwa vya Shelisheli, na mbegu yake ndiyo nzito kuliko mbegu zote za mimea duniani. Moja inaweza kupita kilo ishirini. Mwanangu mkubwa alitazama juu, akasogea hatua tatu nyuma. Mama akakubali kwa kusema, "Basi huo si wa kukaa chini yake."

Tulitandika mkeka chini ya mkrismasi. Si msimu wa maua yake mekundu, ila maganda yale marefu meusi yalikuwa yamekauka na kudondoka, na ukiyatikisa mbegu zinalia ndani kama kayamba. Kaka mtu aliokota sita. Moja likawa upanga, mawili yakawa ngoma, mengine alinipa nimshikie, na bado yako kwenye mkoba wangu ninavyoandika haya. Sikuona bembea wala mtelezo bustanini, na hakuna aliyeviulizia.

Ila kitindamimba alikuwa bado juu ya mkeka, miguu ameikunja chini ya sketi kama yuko kisiwani. Nilijaribu kumbembeleza. Nilijaribu hata kumpa biskuti. Mama aliniambia niache. Akavua viatu, akavua na soksi za wagonjwa wa sukari anazovaa siku hizi, akasimama kwenye ukoka na miguu yake ile mikubwa iliyopasuka visigino. "Njoo upande," akamwambia mjukuu.

Akapanda. Aliweka nyayo zake juu ya nyayo za bibi yake, akashikwa mikono, wakaanza kutembea hivyo, bibi anahesabu hatua, mtoto anacheka. Walizunguka mti mzima. Kuna wakati bibi akiinua mguu, vidole vya mtoto vinagusa majani, vinarudi. Mara ya pili wakizunguka, kunguru alitua mkekani akabeba chapati nzima. Kitindamimba hakufikiri. Aliruka chini, akamkimbiza yule kunguru peku, anapiga kelele "Chapati yetu! Chapati yetu!", mpaka karibu na ua wa bustani. Kunguru alishaondoka zamani. Yeye akabaki amesimama kule, akatazama chini, akaikuta miguu yake kwenye majani.

Hakurudi mkekani tena mpaka saa sita.

Makumbusho hatukuingia. Kaka mtu anataka kuona fuvu la Zinjanthropus, yule zamadamu wa kale, lile Mary Leakey alilolipata Olduvai mwaka 1959, na nimeahidi tutarudi kwa ajili yake. Siku hiyo miguu ya mama ilikuwa imechoka.

Wakati wa kuondoka mama alimfuata yule mzee pembeni, wakaongea. Nilidhani anaaga. Kumbe alikuwa anaomba vipande vya ukoka vilivyong'olewa ukingoni mwa njia, vile vya kwenda kutupwa. Akavifunga kwenye khanga, akavipakata kwenye mwendokasi hadi Kimara, maji yanamdondokea magotini.

Jumatatu asubuhi nilipotoka kwenda kazini, lile beseni letu lililopasuka lilikuwa uani limejaa udongo, na ukoka umepandwa mstari kwa mstari, umemwagiliwa. Kitindamimba alikuwa amesimama katikati yake, peku, na kikombe chake cha uji mkononi.