Mara Mbili kwa Juma

Juzi jioni binti yangu alikuwa sebuleni anafanya mazoezi ya somo la Jumapili. Ndiyo mara yake ya kwanza kupangwa, kwa hiyo nyumba nzima imeshalikariri. Mimi niko jikoni nageuza migebuka kwenye mawese, sauti inapenya pazia: "Mimi nafunga mara mbili kwa juma, hutoa zaka katika mapato yangu yote." Akanyamaza. Kisha akaita, "Baba, kwani kufunga mara mbili ni vibaya?"

Samaki mmoja akaungua upande.

Wale tuliokuwa wote Mwanga, pale Kigoma mjini, enzi zile mnajua kwa nini, na naomba mnyamaze hivyo hivyo. Masomo ya kanisa letu huzunguka kila miaka 3, kwa hiyo huyu Mfarisayo wa mfano wa Yesu, anayejisifia kufunga, na mwenzake mtoza ushuru anayeomba rehema, nimeshakutana nao mara kadhaa tangu Oktoba 2007. Kila wakirudi napata sababu ya kuangalia saa.

Nilikuwa mwenyekiti wa vijana. Nilifunga Jumatatu na Alhamisi, kavu, bila tone la maji, mpaka jua lizame upande wa Kongo. Sikumtangazia mtu, nilikuwa na njia bora zaidi. Nikikaribishwa chai nasema, "Leo hapana, asante," halafu natabasamu kidogo, tabasamu la mtu mwenye siri anayeomba aulizwe. Na midomo sikuipaka mafuta siku hizo. Kigoma mwezi wa tisa, na vumbi letu lile jekundu, midomo mikavu haifiki saa nne haijapasuka. Niliibeba kama cheti. Yesu amesema wazi kwamba ukifunga ujipake mafuta kichwani na unawe uso. Mstari huo nilishauhubiri, tena kwa jasho.

Nyuma ya kwetu alikaa mzee mmoja wa Ujiji, Mwislamu, fundi cherehani. Tulipakana uzio miaka mitatu ndipo nikajua, tena kwa bahati tu, siku nilipompelekea kipande cha muwa, kwamba naye hufunga Jumatatu na Alhamisi, funga ya sunna. Siku zile zile zangu. Miaka mitatu, na cherehani yake haikuwahi kubadili mlio.

Sasa, mtoza ushuru. Kwenu nyie huyo ni mtu wa kwenye Biblia. Kwetu alikuwa mtu wa mwaloni Kibirizi, mwenye meza ya mbao, kiti cha plastiki na kitabu cha risiti chenye karatasi ya kaboni. Mama yangu alichuuza dagaa pale, na alimjua kwa gharama: unalipia magunia manne, risiti inasoma matatu. Ukiuliza, anakuangalia kama vile ni wewe uliyeiba. Jumapili anakuja kanisani na shati jeupe lililonyooshwa, anakaa benchi la tano upande wa wanaume, na kidole gumba cha mkono wa kulia kina rangi ya buluu. Ile kaboni haitoki kwa sabuni.

Kidole hicho kilinikera kuliko magunia ya mama. Kwenye kikao cha wazee wa kanisa, ambako mwenyekiti wa vijana alialikwa asikilize tu, niliomba nafasi nikasema, "Simtaji mtu, ila kuna mikono inapokea mezani pa Bwana na tunajua imetoka kushika nini." Wazee wakaangalia meza. Mchungaji akasema tufunge kwa sala. Usiku ule, peke yangu chini ya chandarua, nilimshukuru Mungu kwa kunilinda na kazi za aina ile. Niliomba kwa maneno mengi, lakini hiyo ndiyo iliyokuwa maana yake.

Mwezi ulikuwa mpevu kabisa, na mbalamwezi ikiwaka dagaa hawaifuati taa. Mitumbwi ilikuwa imelala mchangani Kibirizi na Katonga, wavuvi wako nyumbani, kwa hiyo Jumapili ile kanisa lilijaa mpaka mlangoni. Mchungaji aliniita nikiwa na viatu mkononi, navifuta vumbi: msomaji amepata homa, shika wewe. Sikuuliza ni somo gani. Mimi wa kuuliza?

Nikapanda. Biblia ya pale ni ile kubwa, ina utepe mwekundu uliochakaa ncha, na kurasa za Luka zimelainika kwa kushikwa. Nikaweka kidole kwenye mlango wa 18, mstari wa 10, nikaanza kwa sauti yangu ya mkutano wa hadhara. "Watu wawili walipanda kwenda hekaluni kusali." Vizuri. "Mmoja Farisayo, wa pili mtoza ushuru." Hapo nikasikia mabenchi yakilia, ule mlio wa watu kujiweka sawa. Bado sikuelewa. Nilidhani ni kwa ajili yake, na nikasoma "wanyang'anyi, wadhalimu" nikiwa nimeinua macho kuelekea benchi la tano.

Kisha kidole changu kikafika mstari wa 12, na mdomo ukawahi kabla ya akili.

"Mimi nafunga mara mbili kwa juma."

Kwaya ilikuwa kushoto kwangu. Kwenye sauti ya pili mtu alikohoa, na hakikuwa kikohozi. Mwenzake akainamisha uso kwenye kitabu cha nyimbo, mabega yanacheza. Bibi mmoja mbele kabisa, ambaye chai yake nilishaikataa Alhamisi zisizo na hesabu, alinitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonimaliza. Niliilamba midomo. Ilikuwa imepasuka, na mara nikajua kila mtu pale ndani anajua imepasuka kwa nini. Ingekuwa mvua ya Oktoba imeanza, bati lingenisitiri. Haikunyesha. Palikuwa kimya kiasi cha kusikia bendera ya boda boda ya mtu ikipigwa na upepo nje. Nusu aya iliyobaki niliisoma kama mtu anayeteremka ngazi gizani. "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi" ilitoka kwa sauti ndogo, na wengine waliniambia baadaye kwamba nilisoma kwa upako.

Mahubiri siyakumbuki.

Nje, chini ya mwembe, nilikuwa natafuta njia ya kuondoka bila kushika mikono ya watu nikamwona anakuja. Shati jeupe, kidole cha buluu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwenyekiti. Umesoma vizuri." Nilitafuta kejeli usoni pake sikuiona. Akashusha sauti. "Nina swali. Yule mwenzangu wa kwenye somo, alipofika nyumbani, zile fedha alizirudisha?"

Jibu nililokuwa nalo ni la Zakayo, mtoza ushuru wa sura inayofuata, aliyeahidi kurudisha mara nne. Lilishafika kwenye ulimi, na sura ya mwalimu nilishaivaa. Sijui nini kilinizuia. Nikasema, "Hapo haikusema, mzee."

"Ndiyo," akasema. "Nami nimeona haikusema." Akasimama kidogo akifikicha kile kidole, akaniaga, akashuka zake.

Kama aliwahi kurudisha, mama hakuniambia, na mwaka uliofuata mzee yule alihamishiwa mwalo mwingine. Kufunga niliacha kwa muda, kisha nikaanza tena, nikipaka mafuta mengi mno midomoni, na nikajikuta naangalia kama kuna anayeona jinsi inavyong'aa. Hata lile jibu langu la chini ya mwembe, "haikusema", nilitembea nalo mpaka nyumbani nikilifurahia. Kabla ya kufika sokoni lilishakuwa ushuhuda.

Nilimwambia binti kwamba hapana, si vibaya. Akauliza basi kosa la yule mtu ni nini. Nikamwambia arudie kusoma, taratibu, bila kumwangalia mtu.

Jumapili nitakaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Na mnaona, nimeshawaambia.