Springi ya lori: inavyofuliwa, na kwa nini hukatika inapochomelewa

Mtu anayetaka kuanza uhunzi wa nyumbani huuliza kwanza atapata wapi fuawe, yaani chuma kizito cha kufulia juu yake. Kwa maoni yangu angeuliza kwanza juu ya chuma chenyewe, na katika miji yetu chuma chenye manufaa makubwa kwa bei yake ni springi ya bapa iliyochakaa ya lori au ya basi dogo. Ninawaandikia watu wa namna yangu, wenye kazi nyingine mchana na karakana ndogo uani. Mafundi wa Kamukunji, Nairobi, wanaofua kutwa nzima, hawana haja ya mafunzo yangu, na mengi ya haya wanayajua kwa mikono bila kuyasoma popote.

Springi za bapa kwa kawaida hutengenezwa kwa feleji yenye kaboni ya asilimia 0.6 hivi, pamoja na kromi au silikoni kidogo. Bomba la mraba linalotengenezewa mageti, pamoja na vyuma bapa vya kawaida vya dukani, huwa na kaboni isiyofika asilimia 0.3. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini ndiyo inayoamua kama chuma kitashika makali au kitapinda tu, na pia ndiyo inayoamua kama mshono wa kuchomelea utadumu au utapasuka. Anayeielewa vizuri huacha kukariri kanuni nyingi, kwa sababu nyingi kati yake huzaliwa na kaboni hiyo hiyo.

Njia rahisi ya kutofautisha vyuma ni kuvigusisha kwenye jiwe la grinda mahali penye kivuli. Chuma laini hutoa cheche ndefu za rangi ya majani makavu zenye matawi machache, ilhali springi hutoa cheche fupi zaidi zinazopasuka-pasuka na kutawanyika. Weka kando vipande viwili unavyovijua, kimoja cha springi na kimoja cha bomba, uwe unalinganisha navyo kila unapoleta chuma kipya.

Nikirudi kwenye fuawe, kipande cha reli husifiwa sana, na kweli kinafaa, hasa kikisimamishwa wima ili uzito wote uwe chini ya pigo. Hata hivyo reli inayouzwa kienyeji mara nyingi imeng'olewa mahali inapohitajika, na mnunuzi asiye na risiti hawezi kujitenga na mwizi. Kenya ina Sheria ya Vyuma Chakavu tangu mwaka 2015, na Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara hiyo kwa muda baada ya minara ya umeme kuhujumiwa. Mimi napendelea kichwa cha nyundo kubwa kilichozamishwa katika gogo zito, au kipande cha ekseli ya lori kutoka kwa muuzaji anayeandika risiti. Uso wa kupigia wenye ukubwa wa kiganja unatosha kwa kisu na kwa patasi. Kinachopungua kwa wanaoanza ni koleo linaloshika sawasawa, kwa maana kipande kinachochezacheza mdomoni mwa koleo hupoteza nusu ya kila pigo, na kikiruka kikiwa chekundu hakichagui pa kuangukia.

Makaa ya mti yanatosha kabisa. Hayana salfa kama baadhi ya makaa ya mawe, huwaka haraka, na huhitaji upepo wa upole, ingawa huliwa kwa kasi na kurusha cheche nyingi. Kosa la kawaida ni upepo kuzidi. Oksijeni isiyotumika hufika kwenye chuma, hutengeneza magamba na kuunguza kaboni ya juu, yaani ile ile tuliyoifuata kwenye springi. Chuma kikae juu kidogo ya kitovu cha moto, kikiwa na makaa chini yake na juu yake. Utaalamu wa upepo ni wa zamani katika eneo letu. Peter Schmidt na Donald Avery, waliofanya utafiti pamoja na wazee wa Kihaya mkoani Kagera, waliandika mwaka 1978 kwamba tanuri za kuyeyushia chuma huko zilikuwa na mabomba ya udongo yaliyoingia ndani kabisa ya tanuri, na hivyo upepo wa mivukuto ulipata joto kabla ya kukutana na makaa. Sisi tunaopasha kipande cha springi hatuhitaji ufundi wa kiwango hicho. Feni ndogo yenye swichi ya kupunguza kasi inatosha.

Fua springi ikiwa na rangi ya chungwa iliyokolea, na uirudishe motoni kabla haijawa nyekundu ya kufifia. Kuendelea kuipiga ikiwa imepoa kunazaa nyufa ndogo ambazo hutaziona hadi siku ya kuichovya kwenye mafuta ili iwe ngumu. Kwa upande wa pili, ikianza kurusha cheche zake yenyewe motoni, imeungua, na sehemu hiyo ni ya kukatwa na kutupwa.

Baada ya umbo kupatikana ndipo kazi yenyewe inapoanza, na hapa ndipo ningependa anayeanza atumie muda wake mwingi. Kwanza chuma kipumzishwe: pasha mpaka sumaku isikinase, kisha kiache kipoe chenyewe hewani mahali pasipo na upepo, na urudie hivyo mara tatu. Mapigo ya nyundo na joto lisilo sawa huacha chembe za chuma zikiwa kubwa na zenye mikazo. Kupumzisha huzirudisha ziwe ndogo na zinazolingana. Ukitaka kipande kilainike kiasi cha kupigwa tupa au kutobolewa, kizike katika majivu makavu kikiwa chekundu na ukiache humo usiku kucha.

Sumaku ya spika mbovu ni kipimo cha kuaminika kuliko macho. Chuma huacha kunaswa kikifika nyuzi 770 hivi, bila kujali kama jua linawaka au jioni imeingia, ilhali rangi ya moto hubadilika sana kwa macho kulingana na mwanga. Springi huhitaji kufika karibu nyuzi 830 kabla ya kuchovywa, kwa hiyo sumaku ikishaacha kunasa, ongeza moto kidogo tu na uhakikishe rangi inalingana kutoka ncha hadi mwisho wa makali. Kisha chovya katika mafuta ya kula yaliyopashwa moto hadi nyuzi 50 au 60, kwani mafuta ya vuguvugu huwa mepesi na hupoza haraka kuliko yaliyo baridi. Maji huipoza springi kwa ghafla mno na mara nyingi huipasua. Kisu kiingie wima na kisogezwe kuelekea upande wa makali na wa mgongo, kisitikiswe kuelekea ubavuni, kwa kuwa hapo hupinda. Chombo kiwe cha chuma, chenye mfuniko wa chuma karibu, na mafuta yasifike ukingoni, kwa sababu hushika moto. Wanaotumia oili chafu ya injini hujivutia mafusho yenye kila uchafu wa injini, na hawapati faida yoyote ya ziada.

Ukipitisha tupa juu ya makali baada ya hapo, iteleze bila kung'ata. Wakati huo chuma ni kigumu na pia ni chepesi kuvunjika, na hakifai kwa kazi yoyote mpaka kitempwe, yaani kipewe moto wa upole ili sehemu ya ugumu ibadilishwe iwe ustahimilivu. Kisu huwekwa katika ovena ya jikoni kwa nyuzi 200 hadi 220, saa moja, kisha mara ya pili kwa muda huo huo. Asiye na ovena asugue chuma kwa msasa mpaka king'ae na atazame rangi zinavyotembea: manjano ya majani makavu huja karibu na nyuzi 225, kahawia karibu na 255, zambarau 280, na buluu karibu na 300. Kisu kiishie kwenye manjano, patasi ya mbao kati ya manjano na kahawia, na tindo la kukatia chuma kwenye zambarau. Kichwa cha tindo kinachopigwa na nyundo kisichovywe kabisa. Kikiwa kigumu hurusha vipande vinavyoweza kumpofua mtu.

Sasa mashine ya kuchomelea. Springi iliyochomelewa na ikakatika, mara nyingi hukatika kando ya mshono na si kwenye mshono wenyewe, na mwenye mali humlaumu fundi kwamba rodi zake ni mbovu. Sababu ni ile kaboni. Chuma kilichopakana na mshono hupanda kupita nyuzi 830, kisha sehemu kubwa ya baridi iliyo jirani hukinyang'anya joto ghafla. Fundi amekichovya bila kukusudia, tena hakukitempa. Unyevu wa rodi ukiongeza haidrojeni humo, ufa unaweza kutokea baada ya saa kadhaa, hata siku ya pili, wakati kazi imeshakabidhiwa. Springi inayobeba gari barabarani haitengenezwi kwa kuchomelewa, na kwa hilo sina nafasi ya majadiliano.

Kama ni lazima kuunganisha springi na chuma laini, kwa mfano kuongeza mkia wa patasi, chomelea kabla ya kukaza makali. Pasha sehemu yote hadi nyuzi 250 hivi, tumia rodi ya E7018 iliyo kavu, ambayo ni aina yenye haidrojeni kidogo, kisha zika kipande katika majivu papo hapo. Kipimajoto hakihitajiki: sehemu iliyong'arishwa ikigeuka kahawia, umefika. Mimi, nikiwa na nafasi ya kuchagua, hupiga ribiti. Kwa wakazi wa pwani, rodi za E7018 zilizokaa wazi katika unyevu wa huko zinahitaji kuokwa upya kwa nyuzi 300 au zaidi, joto ambalo lingeharibu E6013, yaani rodi za kawaida za chuma laini, ambazo huhitaji kukaushwa kwa nyuzi 100 tu.

Kwa stendi, meza na koleo za chuma laini, E6013 za milimita 2.5 kwa ampea 60 hadi 90 zinatosha, na pia ndizo zinazoendana na umeme wa nyumbani. Ampea 80 kwa volti 23 za mwale, yaani cheche ya umeme inayoyeyusha chuma, ni karibu wati 1,840, na ukiongeza hasara za mashine unakaribia mpaka wa plagi ya ampea 13. Waya mwembamba wa kuongezea, ukiwa umeachwa kwenye koili yake, hupunguza volti na hupata moto. Utandaze wote au ununue mnene.

Kofia iwe na kioo cha namba 10. Miwani ya jua haizuii madhara, na maumivu kama ya mchanga machoni huja usiku, saa nyingi baada ya kazi. Bomba la maji lililopakwa zinki lina hatari yake ya pekee. Zinki huchemka kwa nyuzi 907, chini sana ya joto la kuyeyusha chuma, hivyo hupanda yote kama moshi mweupe, na aliyeuvuta hupata homa, baridi na maumivu ya viungo jioni ile ile. Kwetu watu hudhani ni malaria, wakanywa dawa, kesho yake wakapona na kuamini kwamba dawa ndiyo iliyowaponya. Maziwa yanayosifiwa kwenye karakana huenda tumboni, ilhali moshi umekwenda mapafuni. Ondoa zinki kwa tupa au msasa sentimita kadhaa kila upande wa mshono, ukiwa nje na barakoa ya vumbi usoni, au nunua bomba jeusi, ambalo kwa kawaida ni rahisi zaidi.