Jinsi Nepenthesi yangu ilivyotoa mitungi tena hapa Nairobi
Nepenthesi ni mmea unaonasa wadudu kwa mitungi inayoota kwenye uzi ulio nchani mwa kila jani. Yangu ni aina ya ventrata, chotara wa asili wa Ufilipino. Mzazi wake mmoja, Nepenthes ventricosa, ni wa milimani, kwa hiyo baridi ya Julai haikuwa tatizo. Majani yalinawiri, ila ule uzi wa nchani ulikuwa ukikauka na kuwa mweusi kabla mtungi haujafura.

Chanzo ni maji ya kisima cha ploti. Yana chumvi nyingi, hata birika limejaa magamba meupe. Nilikinga maji ya mvua, nikasuuza makumbi ya nazi yaliyomo chunguni mara kadhaa, kisha nikausogeza mmea dirishani penye mwanga mwingi. Mbolea sikutia kabisa. Mmea huu hujinasia wadudu wenyewe.

Majani ya zamani usiyangojee yatoe mitungi. Mtungi wangu wa kwanza, mdomo mwekundu unaong'aa, ulitoka kwenye jani jipya.