Mwaka wa Kwanza Chini ya Bosi

Ng'ombe wetu anaitwa Bosi. Jina hilo alipewa na mwanangu wa kiume, mwenye miaka saba, wiki ile ile ya Januari tuliyohamia hapa Marangu, baada ya kuona kwamba mlio ukitoka zizini kila mtu mzima wa nyumba hii huacha chai yake mezani na kuinuka. Tulicheka. Sasa ni usiku wa tarehe 30 Desemba, wageni wamelala, nami nimekaa jikoni kwa mama karibu na makaa yanayozimika, nikitaka kuandika jinsi mwaka ulivyokwenda kabla haujaisha, na naona siwezi kuuandika bila kuanza na yule aliyetupangia ratiba.

Mimi ni kitinda mimba wa kiume, na kwa mila ya Wachaga huyo ndiye anayeachiwa nyumba ya wazazi na kihamba, yaani shamba la nyumbani linaloizunguka. Kwa miaka 15 niliyokaa Dar es Salaam nilikuwa mrithi wa jina tu: nilipanda basi kila Desemba, nikala ndizi na nyama, nikalala mpaka jua lipande, kisha nikarudi mjini na mkungu wa ndizi kwenye buti. Baba alipofariki, mama alibaki na msichana wa kazi, baadaye akabaki peke yake. Mkataba wangu wa kazi ulipokwisha bila kuongezwa, na mke wangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, akapata uhamisho wa kuja huku, hatukuwa na sababu tena ya kuendelea kumjulia mama hali kwa simu.

Kihamba chenyewe hakifiki ekari mbili. Migomba ndiyo inayotawala, chini yake ipo mibuni aliyoiacha baba, magimbi yamejipanga kando ya mfereji, na juu ya vyote hivyo migrivea na miparachichi inatoa kivuli. Wataalamu wanausifu sana mfumo huu. Mwaka 2011 shirika la FAO la Umoja wa Mataifa liliviingiza vihamba vya Shimbwe Juu, kule Uru, katika orodha yake ya urithi wa kilimo duniani. Nilipomsomea mama habari hiyo aliuliza kama hao watu wa urithi huja pia kukata majani.

Lilikuwa swali la haki. Ng'ombe wa maziwa mwenye uzito wa Bosi, anayefugwa ndani, anahitaji karibu kilo 40 hadi 50 za majani mabichi kwa siku, na asipoletewa hana pa kwenda kujitafutia. Hiyo ni mizigo miwili iliyoshiba kila siku ya Mungu, Jumapili na Pasaka zikiwemo, mbali na ndoo za maji. Mabingobingo tuliyopanda kwenye kingo za matuta yanatosha wakati wa masika, lakini Januari na Februari, jua linapowaka, hayatoshi, na hapo mashina ya migomba iliyokwisha kuvunwa hukatwa vipande vyembamba na kuchanganywa na pumba, ingawa shina la mgomba sehemu kubwa ni maji na ng'ombe hulishiba bila kufaidika sana. Anachokula kinarudi kwenye migomba na mibuni kama samadi, migomba inamlisha tena, na hivyo ndivyo kihamba kimeishi kabla sijazaliwa. Yote hayo nilikuwa nikiyajua kwa kichwa. Nilichokuwa sikijui ni shingo.

Miezi mitatu ya mwanzo, kusema kweli, sikubeba kitu. Nilitengeneza paa la zizi, nikafukua mfereji pamoja na wanaume wenzangu siku ilipofika zamu yetu, nikanunua daftari kubwa na kuandika mpango wa mwaka. Majani yalikatwa na mama na mke wangu, huyu wa pili akitoka shuleni alasiri na kubadilisha nguo tu, kwa sababu huku kwetu kukata majani ni kazi ya wanawake, na mimi sikuwahi kujiuliza kwa nini. Jioni moja ya Aprili, mvua ikiwa imeigeuza njia kuwa matope, mke wangu aliteleza na mzigo kichwani akaanguka. Hakuumia sana. Nilimkimbilia huku nikimweleza kwamba angepita njia ya juu, naye akabaki ameketi palepale kwenye matope, akanitazama kwa muda, akasema, "Baba watoto, majani hayaji nyumbani kwa kusimamiwa."

Asubuhi iliyofuata nilichukua panga. Nilianza na toroli, nikadhani nimegundua jambo ambalo vizazi vyote vilivyotangulia havikuliona, mpaka gurudumu liliponinasia kwenye mteremko wa kwanza na mzigo ukaishia mferejini. Mama alinifundisha kufunga mzigo mara moja tu. Unalaza chini kamba mbili za ganda kavu la mgomba, unapanga mashina manene katikati na majani laini pembeni, vichwa na mikia vikipishana ili mzigo usilemee upande mmoja, kisha unaukandamiza kwa goti huku ukivuta kamba mpaka mzigo utoe sauti kama ya mtu anayeshusha pumzi. Ukikosea, unakufungukia njiani, na mara nyingi huchagua penye utelezi. Majani ya mabingobingo yana vinyweleo vinavyowasha na kingo zinazochana. Kufikia Mei mikono yangu, kuanzia viganja hadi viwiko, ilikuwa imejaa mistari myembamba myekundu, na mama aliitazama akasema tu kwamba watu huvaa mikono mirefu. Jirani mmoja niliyesoma naye aliponiona na ngata kichwani aliuliza, kwa sauti ya kufika barabarani, kama ni kweli kwamba mwaka huu nimeolewa. Sikupata jibu zuri siku ile. Nimelipata baadaye, ila si la kuandikwa hapa.

Nilipokwisha kuwa mkata majani ndipo nilipofanya kosa kubwa kuliko yote ya mwaka huu. Bosi alikuwa akitoa lita saba kwa siku. Mbili zilibaki nyumbani na tano ziliuzwa kwa majirani na kwenye mgahawa ulio njia panda. Nikafungua daftari langu, nikachora safu ya mapato ya maziwa, na wakati wa chakula cha usiku nikatangaza kwamba kwa kuwa sasa mimi ndiye ninayemlisha ng'ombe, fedha yote itaingia katika mfuko mmoja, na kila mwenye haja ataniambia. Mama alijibu, "Sawa, baba," akainuka na kwenda kuosha vyombo ambavyo havikuwa zamu yake. Nililichukua jibu hilo kama kibali.

Zilipita wiki mbili kabla mke wangu hajanieleza, usiku, taa ikiwa imezimwa, jinsi ya kueleza mambo ambayo mtu hapaswi kuonekana uso anapoyasikia. Katika nyumba hii, kama katika nyumba nyingi za mlimani, fedha ya kahawa ilikuwa ya baba, na ya ndizi na maziwa ilikuwa ya mama. Ada yangu ya kidato cha kwanza, mwaka ambao bei ya kahawa ilianguka, ilitoka kwenye kopo la maziwa. Na sasa mama alikuwa amekwenda kwenye kikoba chake mara mbili bila kununua hisa, akiwaambia wenzake kwamba amesahau pochi nyumbani. Kumbe nilikuwa nimewapunguzia wanawake wa nyumba yangu kazi na papo hapo nikawanyang'anya mshahara wake. Asubuhi niliifuta ile safu, nikampelekea mama fedha yote ya wiki mbili, nikakosa maneno ya kuisindikiza. Aliihesabu mbele yangu, shilingi kwa shilingi, na jioni nikakuta bakuli la mtori limefunikwa upande wangu wa meza. Tangu siku hiyo mimi nakata majani, mke wangu anakamua asubuhi, na kopo ni la mama. Nani amefaidika hapo na nani amepunjwa, nimeacha kulipigia hesabu.

Kosa jingine lilikuwa limekwisha kufanyika mwezi Machi, ila matokeo yake yalisubiri Krismasi. Ng'ombe anayekaa peke yake zizini hana mwenzake wa kumpanda, kwa hiyo akiwa kwenye joto, yaani akitaka dume, dalili ni chache: mlio, kutotulia, kupunguza kula, na ute unaovutika kama uzi. Usiku wa tarehe 9 Machi Bosi alilia sana. Mama aliniambia nimwite bwana mifugo kwa ajili ya uhimilishaji, yaani kumtilia mbegu za dume bila dume mwenyewe, nami nikasema ni njaa, nikamwongezea pumba. Joto hurudi baada ya siku 21 hivi, na liliporudi mwisho wa mwezi nilikuwa nimekwenda Moshi kufuatilia barua za kazi. Mara ya tatu, tarehe 20 Aprili, mama hakuniambia mimi. Alimtuma mjukuu wake moja kwa moja kwa bwana mifugo, akaja jioni hiyo hiyo. Siku 42 zilikuwa zimepotea. Wakati ule niliona ni siku tu.

Julai tulishuka kwenye shamba letu la chini, upande wa Makuyuni, kuvuna mahindi. Viwavijeshi walikuwa wametangulia, kwa hiyo gunia zilikuwa chache, lakini safari hii nilikuja na macho mengine: zamani mahindi ndiyo yaliyokuwa mavuno na mabua yakawa takataka, sasa nilijikuta nikigombana na dereva wa kirikuu kuhusu urefu wa mzigo wa mabua kabla hata sijauliza mahindi yamepakiwa wapi. Tulipandisha safari tatu. Mwanangu alisafiri ya mwisho akiwa mbele, katikati yangu na dereva, akimweleza dereva huyo kwa makini kwamba chakula chote hiki ni cha Bosi.

Kahawa nayo ilikuja na kwenda. Babu aliuza yake kupitia ushirika wa KNCU, ulioanzishwa mwaka 1933, na baba alizungumza na mibuni yake kama watu wanavyozungumza na wazee. Mimi niliikuta imezeeka, mingine imeshikwa na kutu ya majani. Tulichuma, tukamenya kwa mashine ya mkono, tukaosha na kuanika kwenye kichanja, na kwa kila kilo tano au sita za matunda mekundu tukabaki na kilo moja hivi kavu. Kahawa ni heshima. Sukari na sabuni za nyumba hii zinanunuliwa na maziwa.

Binti yetu mkubwa, mwenye miaka 12, ndiye aliyeumia zaidi na uhamaji huu. Mwezi Februari alilia akisema kwamba huku hata kelele hakuna, na nilimwelewa, kwa kuwa mimi pia nilikuwa siwezi kulala kwa ukimya. Bibi yake hakumbembeleza. Alimpa kigoda na ndoo, akamwonyesha jinsi ya kuosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu na kukamua kwa ngumi nzima badala ya kuvuta kwa vidole viwili, na baada ya mwezi mmoja Bosi alikuwa akimwachia maziwa haraka kuliko anavyoniachia mimi, ambaye akiniona hushika mkia kama rungu. Siku za Jumamosi ikawa ni yeye anayekamua. Hajasema hadi leo kwamba amepazoea, nami sijamuuliza.

Halafu ikaja Desemba, na ndugu wakapanda mlima kuja nyumbani. Kwa hesabu ya siku 283 za mimba, Bosi angehimilishwa Machi 9 angezaa katikati ya mwezi huu, na nyumba ingekuwa na maziwa. Kwa kuwa alihimilishwa Aprili 20, atazaa mwisho wa Januari, na tangu mwisho wa Novemba tumeacha kumkamua ili apumzike na kujiandaa. Ndiyo maana Krismasi hii, ya kwanza kwangu nikiwa mwenyeji, watu 19 wamekunywa chai ya maziwa yaliyonunuliwa kwa jirani, yule yule wa suala la kuolewa. Kaka yangu mkubwa aliweka kikombe chini akauliza maziwa ya zizini yamekwenda wapi mwaka huu. Nilifungua mdomo, lakini mama aliniwahi. "Ng'ombe amepumzishwa," alisema, na akamwongezea kaka chai.

Juzi, siku ya Jumatatu, niliamka saa kumi na moja alfajiri. Ukungu ulikuwa umefunika migomba mpaka chini, na zizini mlio ulikuwa umeanza. Nilipita sebuleni nikiwa na tochi; kaka alikuwa amelala kwenye godoro, shuka kichwani, viatu vyake vya mjini vimepangwa vizuri kando ya mlango. Nilifikiria kumwamsha. Mzigo wa pili ungekuwa mwepesi kama angeubeba mtu mwingine, na yeye ana shingo nene kuliko yangu. Mama alikuwa tayari jikoni akiwasha moto, akaniona nimesimama, akajua.

"Mwache alale, baba," alininong'oneza. "Amechoka na safari."

Maneno hayo hayo aliyasema juu yangu kila Desemba kwa miaka 15, na kila mara nilikuwa macho chini ya shuka, nikiyasikia. Nikachukua ngata yangu ukutani na panga, nikatoka.